Amarwa: Pombe ya Wimbi katika Nchi ya Wagusii

Amarwa ni pombe ya wimbi ambayo Wagusii wa Kisii na Nyamira wameipika kwa vizazi vingi. Kabla ya majani chai kutanda kwenye vilima vya Nyaramba, katika Nyamira, na majirani zake, wimbi ndilo lililokuwa zao kuu la nchi hiyo. Lilisagwa kwa ajili ya ugali na uji, na sehemu yake ikawekwa kando kwa ajili ya chungu.

Wimbi ni zao lenye kuchosha. Hupandwa mwanzoni mwa mwaka, palizi yake ni ya kuinama siku nzima, na wakati wa mavuno hukatwa suke kwa suke kwa kisu kidogo. Nyumba moja peke yake haikuimudu kazi hiyo, hivyo mwenye shamba aliita risaga: majirani walikuja kwa pamoja, wakalima au wakavuna, kisha wakanywa amarwa. Mwanaanthropolojia Philip Mayer aliueleza ushirika huo katika utafiti uliochapishwa mwaka 1951. Pombe hiyo ilitoka shambani na ikarudi shambani kama nguvu ya watu. Wanaoitazama kama starehe tu wanaiacha nusu ya historia yake.

Upishi ulikuwa kazi ya wanawake, na ulihitaji siku nyingi na jicho kali. Kwanza wimbi liliroweshwa, likaachwa lichipue, likaanikwa na kusagwa kuwa kimea. Unga mwingine wa wimbi ulikandwa kwa maji, ukafunikwa kwa siku kadhaa mpaka uchachuke, ndipo ukakaangwa juu ya moto hadi ukabadilika rangi. Unga huo uliokaangwa ndio uitwao chinkara. Chinkara na kimea vilichanganywa na maji katika chungu kikubwa, na baada ya siku chache pombe ilikuwa tayari. Kukaanga ndiko kulikompambanua fundi: moto ukizidi, pombe huwa chungu, ukipungua, haina ladha.

Wazee walinywea katika eero, chumba cha mwenye nyumba, wakiwa wamekizunguka chungu kimoja kila mmoja na mrija wake mrefu wenye kichujio mwishoni. Pombe ilikuwapo penye mazungumzo ya mahari na penye usuluhishi wa ugomvi. Mababu nao walitengewa sehemu yao.

Chungu hicho kina mkono wa Ureno ndani yake, ingawa Mreno hakukaa Nyaramba. Mahindi, zao la Amerika, yaliingia Afrika kwa kiasi kikubwa kupitia safari za Wareno kuanzia karne ya 16. Katika karne ya 20 yalienea Gusii kwa sababu hayahitaji palizi nzito wala ulinzi mkali dhidi ya ndege wadogo, na unga wake ukachukua nafasi ya wimbi katika chinkara. Wimbi likabaki hasa kwa kimea.

Mabadiliko mengine yalikuja na utawala wa Waingereza. Kituo cha utawala cha Kisii kilianzishwa mwaka 1907. Wakatoliki walifungua misheni Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista Wasabato wakafuata Nyanchwa mwaka 1912. Usabato, ambao baadaye ulipata waumini wengi sana Gusii, unakataza pombe kabisa, na katika familia hizo ujuzi wa kupika amarwa ulikatika kati ya mama na binti. Serikali, kwa upande wake, iliitazama pombe ya kienyeji kama jambo la leseni na faini. Baadaye ikaja chang'aa, pombe kali ya kukenekwa, ambayo madhara yake kwa watu ni makubwa. Sheria ya mwaka 1980 iliipiga marufuku, na ile ya mwaka 2010 ikaondoa marufuku hiyo na kuweka masharti ya leseni, saa za kuuza na vyombo vya kuuzia. Kwa bahati mbaya, katika mazungumzo ya watu amarwa imetiwa katika kapu moja na chang'aa, ilhali ni vinywaji viwili tofauti kabisa.

Pigo la mwisho lilikuwa la ardhi. Mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, KTDA, iliundwa mwaka 1964, na viwanda kama Nyansiongo, Kebirigo, Sanganyi na Tombe vikaifanya chai kuwa chanzo cha karo na mabati. Mashamba yaligawanywa kwa wana mpaka yakawa vipande, na wimbi likasukumwa pembeni.

Kwa kinywaji chake yenyewe, mvinyo, Ureno ilichukua njia nyingine. Mwaka 1756 serikali yake iliweka mipaka rasmi ya eneo la mvinyo la bonde la Douro, na mwaka 2001 UNESCO ikaiorodhesha sehemu ya eneo hilo kama urithi wa dunia. Leo wageni huzunguka mashamba yake ya mizabibu na kuonja mvinyo papo hapo ulipotengenezwa. Huko sheria ililinda jina na ubora. Gusii, sheria iliigusa amarwa kwa leseni na faini tu.

Chombo cha kurekebisha hali hiyo kipo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inazitaka serikali za kaunti ziweke daftari la maarifa hayo. Kisii na Nyamira ziiandike amarwa humo, hatua kwa hatua, wakati wanawake wanaojua kukaanga chinkara wangali hai.