Lenzi za Kale na Lenzi Mpya za Kamera

Watu wengi hudhani kuwa lenzi mpya hushinda ya kale kwa sababu mafundi wa siku hizi wana akili zaidi. Sivyo hasa. Nasema habari za kamera za filamu pana, zile zitoazo picha ya sentimita 6 kwa 6.

Mwaka 1896 Paul Rudolph, bingwa wa kiwanda cha Zeiss mjini Jena, Ujerumani, alibuni lenzi iitwayo Planar, yenye vioo 6. Ilichora vizuri hata pembeni mwa picha, lakini ilikuwa na ila. Kila hewa na kioo vikutanapo, mwanga kidogo hurudi nyuma, kadiri ya sehemu 4 katika 100. Planar ilikuwa na nyuso 8 za namna hiyo. Basi zaidi ya robo ya mwanga ilipotea, na baadhi yake ilitangatanga ndani hata ikaiangukia filamu, weusi ukawa kijivu. Tessar ya mwaka 1902 ilikuwa na vioo 4 na nyuso 6 tu, nayo ndiyo iliyotiwa katika Rolleiflex ya mwaka 1929.

Dawa ilionekana kwa bahati. Katika miaka ya 1890 Mwingereza Dennis Taylor alitambua kuwa lenzi kuukuu, iliyoingia waa la rangi kwa ukale, ilipitisha mwanga mwingi kuliko mpya iliyong'aa. Ajabu, uchakavu kuwa faida! Ndipo mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss akapata njia ya kuvika kioo utando mwembamba ndani ya chombo kilichoondolewa hewa. Unene wake ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Mwanga urudio juu ya utando na ule urudio chini yake hukutana kama mawimbi mawili yanayouana. Wajerumani waliifanya siri ya kijeshi.

Baada ya vita Planar ikafufuka, kwa hesabu mpya na utando, ikatiwa katika Hasselblad 500C ya Uswidi, mwaka 1957.

Hata hivyo mwenye Rolleiflex ya kale asiitupe. Jua likiwa mgongoni mwake, na tundu la lenzi likifungwa hata 11, ni shida kuzitenga picha zake na za lenzi mpya. Lakini mweke bibi arusi mbele ya dirisha lenye jua: lenzi ya kale itamfunika kwa weupe kama wa maziwa, na ile yenye utando itaonyesha nyuzi za shela yake.