Mafuta ya Wagonjwa si Mafuta ya Maiti



Wako Wakristu ambao, ndugu yao akishikwa na ugonjwa mkali, huchelewa kumwita padri. Husema: «Mgonjwa akiona mafuta matakatifu, atajua kwamba anakufa.» Basi humwacha mpaka hawatambui tena watu, ndipo mtu hutumwa mbio misioni. Hofu hiyo ilitoka wapi? Haikutoka kwa Mitume. Tusikilize historia yake, nayo itatufundisha namna ya kusali wakati wa ugonjwa.

Mtakatifu Marko aeleza ya kuwa wale Kumi na Wawili, walipotumwa na Yezu, waliwapaka wagonjwa wengi mafuta na kuwaponya. Kisha Mtume Yakobo aliwaagiza Wakristu kwamba mtu akiugua awaite wazee wa Kanisa, wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Angalieni vema: Mtume hakusema mtu akikata roho, alisema mtu akiugua. Tena mgonjwa mwenyewe ndiye anayewaita. Basi angali na akili zake na sauti yake.

Mwaka 416 Papa Inosenti wa Kwanza alimwandikia Decentius, askofu wa Gubbio katika Italia, kwamba maneno hayo ya Yakobo yawahusu waamini walio wagonjwa. Siku zile askofu alibariki mafuta, na hata Wakristu wasio mapadri waliweza kuyatumia katika shida zao na za jamaa zao.

Baadaye, tangu karne ya 9, desturi iligeuka katika Ulaya. Kupaka mafuta kukawa kazi ya mapadri peke yao, kukaunganishwa na kitubio cha wanaokufa. Watu wakaanza kuogopa. Wengine walidhani ya kuwa aliyepakwa, akipona, hana ruhusa tena kula nyama wala kukaa na mkewe. Maaskofu waliyakanusha mawazo hayo, lakini hofu ilibaki, na Sakramenti ikaitwa Mpako wa Mwisho.

Mtaguso wa Trento, mwaka 1551, ulifundisha kwamba Sakramenti hii yaondoa dhambi, yatia roho nguvu, na pengine yaponya mwili, ikiwa afya yafaa kwa wokovu. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema kwamba yafaa zaidi iitwe Mpako wa Wagonjwa, kwa kuwa si ya wale tu walio karibu kukata roho. Tarehe 30 Novemba 1972 Papa Paulo wa Sita alitengeneza upya ibada yake: padri ampaka mgonjwa katika paji la uso na mikono. Na kwa kuwa maaskofu wengi walieleza kwamba zeituni hazipatikani katika nchi zao, aliruhusu mafuta mengine ya mimea. Aliyepona akiugua tena, aweza kupakwa tena.

Basi tusalije? Kwanza, tuombe afya bila haya. Yezu mwenyewe, katika bustani ya Getsemani, alimwomba Baba amwondolee kikombe cha mateso. Halafu akajitia katika mapenzi yake. Mtume Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake. Hakuondolewa, akapewa neema ya kuuvumilia. Kwa hiyo asiyepona asidhani ya kuwa Mungu amemkataa.

Pili, tusitafute mtu wa kumshitaki. Wanafunzi walipoona kipofu tangu kuzaliwa, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yezu akajibu: si yeye wala wazazi wake. Sala inayoanza kwa kumshuku jirani si sala ya Kikristu.

Tatu, tusitenganishe sala na dawa. Mwenye hekima Sira alifundisha ya kuwa mgonjwa amwombe Mungu, kisha ampe nafasi mganga, kwa maana Mungu ndiye aliyemwumba. Anayesali nyumbani na kukataa dispensari amjaribu Mungu.

Ndugu wapenzi, mgonjwa wenu akizidiwa, mwiteni padri mapema, angali aweza kuungama, kupokea Komunyo na kuitikia Amina kwa kinywa chake. Msingoje mpaka wanawake waanze kulia uani.