Mguu wa Saa Nane Usiku

Mguu wangu wa kushoto huanza kuuma saa nane usiku. Mchana hauna neno. Mchana unapanda daladala, unapanda ngazi za ofisini, unasimama foleni ya benki bila kulalamika. Ikifika saa nane, feni inazunguka na mwenzangu kalala, shavu la mguu linaanza kuvuta kwa ndani. Naketi kitandani na kuupapasa. Umevimba? Una joto kuliko mwenzake? Nimewahi kuupima kwa futi ya fundi cherehani. Ulizidi ule wa kulia kwa nusu sentimita, basi sikulala.

Sababu ninayo. Baba mdogo alisafiri kwa basi kutoka Mwanza, akafika Dar analalamika mguu. Alinipigia simu mwenyewe. Nilikuwa nakimbizana na muda wa kukabidhi habari, nikamwambia, "Ni uchovu tu huo, baba, pumzika." Siku ya tano akaanguka bafuni. Damu ilikuwa imeganda mguuni, donge likapanda hadi mapafuni. Tangu siku hiyo mtu akiniambia "ni uchovu tu", namsikia ni mimi ninayesema.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchimbua, nikaanza kuwasoma watu walioogopa kabla yangu. Kumbe tuko wengi.

Neno la Kizungu la hofu hii, haipokondria, halikuanza kama jina la hofu. Kwa Wayunani lilikuwa jina la mahali mwilini, pale chini ya mbavu, penye ini na wengu. Waganga wa kale waliamini kuna nyongo nyeusi mwilini, ikizidi inamtia mtu huzuni na woga, na wengi walilaumu sehemu hiyo ya tumbo. Yaani mwenye hofu alikuwa mgonjwa kweli. Hakuna aliyemwambia anajidai. Ilichukua karne nyingi neno likahama kutoka tumboni kwenda kichwani, na likiwa njiani likaokota kejeli.

Mwaka 1621 Robert Burton, msomi wa Oxford, alitoa kitabu kinene juu ya huzuni, The Anatomy of Melancholy. Nilichokipenda humo ni onyo lake mwanzoni: msomaji ambaye tayari ana huzuni asisome sehemu ya dalili, asije akajivika yote anayoyasoma. Miaka mia nne kabla ya simu yangu, mtu huyu alishaijua saa nane yangu ya usiku.

Kejeli yenyewe ilifika kilele Paris. Tarehe 17 Februari 1673, Molière alikuwa jukwaani kwa mara ya nne katika tamthilia yake Le Malade imaginaire, akiigiza Argan, mtu anayejidhania mgonjwa. Mapafu ya Molière yalikuwa yameoza kweli. Alizidiwa kwenye onyesho, akajikaza hadi mwisho, akapelekwa nyumbani, akafariki usiku ule ule. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho cha majaliwa. Mimi hakinichekeshi. Ukumbi mzima ulikuwa ukimcheka mgonjwa wa uongo, na mgonjwa wa kweli alikuwa amevaa nguo zake.

Anayenichekesha ni Jerome K. Jerome. Katika Three Men in a Boat, cha mwaka 1889, msimulizi anaingia maktaba ya British Museum kutafuta tiba ya kijigonjwa kimoja, anafungua kitabu, na anatoka akiwa na maradhi yote ya alfabeti. Anakosa moja tu, na moja hilo ni la mguuni: uvimbe wa goti unaowapata watumishi wa ndani kwa kupiga magoti wakisugua sakafu. Anaona ameonewa kunyimwa! Daktari wake anamwandikia nyama, bia, kutembea maili kumi kila asubuhi, na asijaze kichwa mambo asiyoyaelewa.

Nilipokuwa mdogo Tanga, bibi yangu naye aliogopa miguu, ila si damu kuganda. Aliogopa matende. Pwani yetu ilijaa wazee wenye mguu kama kinu, na kila mguu ulioamka mzito ulitazamwa kwa jicho hilo. Patrick Manson aligundua tangu 1877, akiwa China, kwamba minyoo ya ugonjwa huo hukua ndani ya mbu, lakini mtaani kwetu wapo waliosema mtu kakanyaga kitu alichotegewa njiani. Bibi alijipaka mafuta ya nazi, akanyoosha miguu mkekani, akaniita: "Mke mwenzangu, hebu nitazamie, huu si umezidi?" Nami nilitazama kweli. Siku hizi dawa za matende zimegawiwa nyumba kwa nyumba, na sijui kijana wa rika langu anayekesha kwa kuyaogopa. Mguu ni ule ule, unavuta vile vile, tumeubadilishia jina la kinachotisha.

Jina langu mimi lina historia yake. Rudolf Virchow wa Ujerumani ndiye aliyeonyesha, miaka ya 1840, kwamba donge linalokutwa mapafuni mwa maiti huwa limesafiri kutoka kwenye mishipa ya mbali. Kisha ikaja vita. Mwaka 1940 watu wa London walikuwa wakikesha kwenye mahandaki wakikimbia mabomu, wengi wamekalia viti vya kukunja ambavyo ubao wake wa mbele ulibana miguu. Daktari wa uchunguzi wa maiti, Keith Simpson, akaandika kwamba vifo vya donge la mapafu vimeongezeka, na kwamba watu wanahitaji vitanda badala ya viti. Bomu halikuwagusa. Waliuawa na kukaa. Nilipofika hapo nikafunga kompyuta, kwa sababu nililiona basi la Mwanza.

Nilikwenda kupigwa picha ya mishipa. Mguu safi. Amani ikadumu hadi kituo cha daladala.

Mwezi uliopita mama mdogo, mjane wake, alinipigia. "Mwanangu, mguu huu unanisumbua tangu juzi. Nadhani ni uchovu tu." Nilikuwa kazini, habari haijaisha. Niliiacha, nikachukua bajaji, nikampeleka hospitali akilalamika njia nzima kwamba nimemkatiza maharage jikoni. Daktari alimbonyezabonyeza, akapima, akasema ni misuli. Mama mdogo akanigeukia. "Si nilikwambia?"

Maharage yaliungua. Usiku ule saa nane iliponiamsha sikushika simu, nilisimama, nikatembea sebuleni gizani hadi mguu ulipoacha.