Kuchoma Chokaa

Wapo wanaodai kwamba msemo “kuchoma chokaa” ni kosa la kisayansi. Hoja yao ni kwamba kinachoungua tanurini ni kuni, kwa kuwa ndizo zinazoungana na oksijeni. Matumbawe yanayotiwa humo ili kupata chokaa hayashiki moto. Kuhusu matumbawe wanasema kweli. Yakifikia nyuzijoto 900 hivi za Selsiasi, kalsiamu kaboneti iliyomo hutengana: kaboni dayoksaidi hupaa, kalsiamu oksaidi hubaki. Kilo 100 za kaboneti safi huacha kilo 56 tu. Huko si kuungua, wala si kuyeyuka, maana barafu ikiyeyuka hubaki maji yaleyale.

Hata hivyo, hukumu yao juu ya kitenzi haisimami. Kuchoma hakujawahi kumaanisha kuteketeza pekee: tunachoma matofali na vyungu, navyo hutoka motoni vikiwa vigumu, si majivu. Kitenzi hiki hutaja kazi ya moto mkali unaogeuza kitu. Itahofiwa kwamba mwanafunzi atachanganyikiwa. Lakini kwa kuungua tunalo neno “mwako”, na kwa badiliko la matumbawe tuna “mtengano kwa joto”. Walimu, fundisheni istilahi hizo, na “kuchoma chokaa” kuachwe kulivyo.