Uchungu wa Omubilizi

Mwezi wa Novemba 1890, Emin Pasha alipopiga kambi Bukoba na kujenga boma la Wajerumani kando ya Ziwa Viktoria, alifuatana na Dokta Franz Stuhlmann, mtu mwenye shauku kubwa ya kuchuma majani, kuyakausha baina ya karatasi na kuyapeleka Berlin, ambako mwaka 1895 Adolf Engler aliusajili msizi kwa jina la Maesopsis eminii, kwa heshima ya Emin. Mti ukapata jina la mgeni. Manufaa yake yakabaki kwa abafumu, waganga wa Kihaya.

Katika vibanja vyao, penye migomba na mibuni, humea mti mwingine, omubilizi, ambao majani yake, machungu kupita kiasi, hufikichwa majini yakanywewa kwa homa na maumivu ya tumbo. Mwaka 1969 Kupchan na wenzake wa Marekani, wakitafuta dawa ya saratani, walitoa katika mti huo laktoni ziitwazo vernodalini na vernomigdini. Kazi ya namna hiyo yataka subira: majani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika spiriti, nayo spiriti huvukizwa, kisha masalio hupitishwa katika bomba lililoshindiliwa unga wa silika, ambamo kila kiambato hushuka kwa mwendo wake hata kikatengwa na umbo lake likasomwa kwa mitambo. Baadaye ilibainika kwamba laktoni za jamii hiyo huishika protini inayoamrisha chembe za mwili kuwasha uvimbe. Lakini nguvu hiyohiyo yaweza kudhuru chembe nzima, na kwa hiyo kipimo cha mganga ni elimu, wala si mazoea matupu.

Insafu yataka atajwe Mohamedi Seifu Kalunde, mganga wa Kitongwe, ambaye mwaka 1987 huko Mahale, akiwa na mtafiti Michael Huffman, alimwona sokwe mgonjwa akimenya chipukizi za mti huu na kufyonza maji yake, majani akiyaacha, naye Kalunde akaeleza kuwa kwao Watongwe ni dawa. Buhaya ilingoja zaidi: mwaka 2009 Mainen Moshi wa Taasisi ya Tiba Asili, Muhimbili, na wenzake, walichapisha mimea 94 ya dawa kutoka Bugabo, wilaya ya Bukoba, na mwaka 2012 ikafuata ya kijiji cha Kikuku, Muleba. Humo jina la Kihaya limekaa sambamba na la Kilatini, pamoja na maradhi, sehemu ya mti itumikayo na namna ya kuitengeneza.