Tangi la samaki nyumbani: waingie wangapi?

Tumeletewa swali na mama mmoja wa Unguja ambaye sasa anaishi Maili Moja, Kibaha. Aliwanunulia watoto tangi la kioo na gapi ishirini, na siku ya tatu walibaki wanne. Dada yake aliyeko Kisarawe ana tangi la ukubwa uleule na samaki wanane, na huu ni mwezi wa tano hajafa hata mmoja. Mama anauliza samaki wangapi wanatosha, na kama amepata dhambi.

Tuanze na hilo la pili. Kufuga samaki wa mapambo kunaruhusiwa. Maulamaa wametoa dalili katika hadithi ya Abu Umayr, mtoto aliyekuwa na kindege chake na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Sharti ni matunzo. Sote tunakijua kisa cha mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Samaki ndani ya kioo yuko katika hali ya paka yule: hana pa kutokea. Asiyejua hawi sawa na aliyepuuza, lakini akishajua, idadi inakuwa sehemu ya amana.

Sasa hesabu. Tangi la mama huyu lina urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 30. Zidisha, gawa kwa 1,000, unapata lita 54. Ondoa changarawe na nafasi ya juu isiyojazwa, yanabaki maji ya lita 45 hivi. Kanuni ya wafugaji ni lita moja kwa kila sentimita moja ya samaki, kwa urefu atakaokuwa nao akishakua, bila mkia. Gapi wa sentimita 4 wangekuwa kumi na mmoja. Sisi tunasema wanane. Umeme ukikatika pampu inasimama, na maji ya joto letu hubeba hewa kidogo kuliko maji ya baridi.

Halafu gapi huzaa. Jike huzaa karibu kila mwezi, na anaweza kuendelea kuzaa hata dume akiondolewa, kwa kuwa huhifadhi mbegu tumboni. Wanane mchanganyiko hawatabaki wanane, kwa hiyo chukua madume tu. Samaki wa dhahabu hesabu hii haiwafai: hukua kupita sentimita 15, wana uchafu mwingi, na tangi hili halimtoshi hata mmoja. Wa baharini nao wana hesabu yao nyingine kabisa.

Lakini wale kumi na sita hawakufa kwa wingi wao tu. Tangi lilijazwa maji ya bomba na samaki wakatiwa siku ileile. Maji ya bomba ya Kibaha hutoka mto Ruvu na hutiwa klorini, ambayo huunguza mashavu ya samaki. Kisarawe nako maji ya Ruvu yalifika mwaka 2020 kupitia Kibamba, ila dada yule alitumia maji ya mvua. Ya bomba yalaze kwenye ndoo wazi siku nzima. Isitoshe, tangi jipya halina bado bakteria wa kuvunja amonia itokayo kwenye kinyesi. Huchukua wiki nne hadi sita kuenea. Ishirini kwa mpigo hujitilia sumu wenyewe, kwa hiyo anza na watatu.

Watoto wengine huokota samaki wa rangi kwenye madimbwi ya masika. Unguja tunaye wetu, Nothobranchius guentheri, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 1893, na jamaa zake wako kwenye mabonde ya Pwani. Hao huishi miezi michache tu, dimbwi likikauka mayai hubaki kwenye tope yakisubiri mvua. Madume hupigana, basi weka dume mmoja na majike wawili au watatu. Akifa kabla ya mwaka kwisha, mwambie mtoto kwamba umri wake ndio huo.

Kwa mama wa Maili Moja: wale wanne waliobaki wanatosha kwa sasa. Badilisha robo ya maji kila wiki kwa maji yaliyolala, lisha kidogo, na usiongeze hata mmoja kabla ya wiki ya sita. Kama kati yao yuko jike mwenye tumbo, tafuta mapema watakaopokea watoto wake, na usiwamwage mtoni.