Nani njo anazima mashine? Historia fupi ya amri mbili

Bandugu wasomi, leo tuzungumze historia ya jambo ambalo wengi wetu tunalidharau: kuzima kompyuta. Kuko watu wanafikiri kuzima ni kukata umeme, basi. Sivyo. Ilichukua zaidi ya miaka 30 mpaka watengenezaji wakubaliane ni nani, ndani ya mashine, mwenye hiyo kazi.

Juu ya nini mimi mtu wa Yahuma nihangaike na hilo? Kisangani kuna umeme wa SNEL kutoka mto Tshopo, hata kama unakatika-katika. Kwetu tunaishi na paneli za jua, betri na jenereta. Kompyuta ndogo ya bodi moja, kama Raspberry Pi, inatufaa sana sababu inakula wati chache. Lakini umeme ukikatika wakati inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu, faili zinaweza kuharibika. Nimeshaona alama za darasa zima zikipotea namna hiyo.

Sasa historia. IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na swichi kubwa nyekundu ubavuni. Mwenye kuzima alikuwa kidole chako. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walileta APM, ili programu iweze kuomba BIOS ipunguze ao ikate umeme. Mwaka 1995 ikaja ATX, ambamo bodi yenyewe inaweza kuamuru kisanduku cha umeme kizime. Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba wakatoa ACPI, na mfumo endeshi njo ukawa msimamizi.

Lakini bodi ndogo zenye prosesa za Arm hazikuzaliwa katika ile familia. Kila mtengenezaji alikuwa na njia yake. Raspberry Pi, iliyotoka tarehe 29 Februari 2012, haikuwa na kifaa cha kujikatia umeme. Ukiiamuru izime, Linux inaandika namba 63 katika rejista moja, kisha inaachia saa ya ulinzi, ile inayowasha upya mashine iliyoganda. Mashine inaanza upya kweli! Ila programu ya kwanza ya kuwashia inasoma ile 63, inaelewa "usiendelee", inasimama. Kumbe kuzima kwake ni kuwasha upya kulikoachiwa ujumbe.

Ujanja ni mzuri, lakini fikiria bodi mia, kila moja na ujanja wake, na Linux ilazimike kuujua wote. Arm wakaandika mapatano yanayoitwa PSCI. Toleo la 0.2 liliongeza amri mbili: SYSTEM_OFF ya kuzima na SYSTEM_RESET ya kuwasha upya. Linux inaweka namba 0x84000008 ya kuzima, ao 0x84000009 ya kuwasha upya, halafu inaita programu iliyo chini yake, kwa mfano Trusted Firmware, ambayo Arm waliifungua kwa wote mwaka 2013. Hata U-Boot, programu ya kuwashia aliyoianzisha Mjerumani Wolfgang Denk, inaweza kutumia amri hizo hizo.

Kwa hiyo anayeongeza uwezo huu kwenye bodi mpya anaandika kazi mbili fupi. Ya kwanza inaambia chipu ya umeme ikate. Ya pili mara nyingi inatumia saa ya ulinzi. Baadaye RISC-V walipita njia ile ile: mapatano yao ya zamani, SBI, yalikuwa na amri ya kuzima bila ya kuwasha upya, mpaka toleo la 0.3 likaongeza SRST.

Angalieni mpangilio wa kazi. Mfumo endeshi unafunga programu, unamalizia kuandika data yote kwenye kadi, njo unatoa amri. Programu ya chini haiulizi tena, inakata. Hiyo njo tofauti na kuchomoa waya.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Kuna vifaa vinavyopima betri na kuamuru kompyuta ijizime mbele ya betri kuisha. Lakini kama amri ya kuzima haikuandikwa vizuri, bodi itaonekana imelala huku ikiendelea kula betri usiku kucha, na asubuhi hakuna kitu. Raspberry Pi yenyewe ilipata kitufe cha umeme kwenye bodi kwa toleo la 5, mwaka 2023.

Basi, wewe unayetaka kununua bodi kwa ajili ya shule ao kituo cha afya kijijini, usiulize tu kasi na kumbukumbu. Iamuru izime, kisha pima umeme unaobaki ukipita. Na nyinyi wanafunzi wa informatiki: kodi za U-Boot na Trusted Firmware ziko wazi. Someni zile sehemu mbili fupi. Mtu wa Kisangani ao wa Yahuma anaweza kuzirekebisha sawa na mwingine yeyote.